Ziwa Kivu: Kabla ya kununulia watoto boti ya kujaza upepo, mzazi asome kwanza kibao chake

Boti ndogo ya kujaza upepo inavutia familia yoyote inayoishi kando ya Ziwa Kivu. Inakunjwa na kuingia ndani ya mfuko, inabebwa kwenye chukudu au nyuma ya gari, haihitaji gati wala mlinzi wa usiku. Baba anapiga kasia, mama anakaa nyuma, watoto wanachezesha mikono majini. Bei yake pia iko chini kuliko ya boti ya mbao yenye mashine.

Lakini Goma, Minova, Kalehe, Idjwi na Bukavu wanajua ziwa hili linaweza kufanya nini. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, hatua chache tu kabla ya kufika. Barabara ya Goma–Minova ilikuwa imekatwa na vita, watu wakajazana majini. Makumi walikufa, huku ndugu zao wakitazama kutoka ufukweni. Aprili 2019, upande wa Kalehe, boti nyingine ilizama na zaidi ya watu 100 wakatajwa kuwa hawajulikani walipo. Kila mara sababu zilizotajwa zilikuwa zile zile: watu wengi kuliko nafasi, na jile za kuokoa maisha zilizokosekana.

Makosa hayo mawili si ya wenye boti kubwa peke yao. Boti ya mita mbili na nusu iliyopakia baba, mama, watoto wanne na binamu mmoja ni Merdi ndogo. Kwa hiyo kuchagua boti ya familia hakuanzi na rangi wala bei. Kunaanza na hesabu ya watu.

Namba ambayo wauzaji hawaitaji

Boti ya kweli, hata iwe ndogo, ina kibao kilichobandikwa, mara nyingi kwenye ubao wa nyuma au juu ya mpira. Kibao hicho kinasema mambo manne: watu wangapi, kilo ngapi kwa jumla, mashine ya nguvu gani na upepo wa kiasi gani ndani ya mpira. Mnunuzi asiyekuta kibao, au anayekuta kilichofutika hadi hakisomeki, ana sababu ya kuacha biashara hiyo hapo hapo.

Idadi ya watu isomwe kwa makini. Boti nyingi ndogo huandikwa «2+1», maana yake wakubwa wawili na mtoto mmoja. Wakubwa watatu hawahesabiwi humo. Mtu mzima huhesabiwa kuwa na takriban kilo 75. Kilo zilizoandikwa zinabeba kila kitu kinachoingia: watu, mashine, mafuta, kapu la chakula, bidoni la maji ya kunywa. Familia ya wazazi wawili wenye kilo 150 kwa pamoja, na watoto watatu wenye kilo 60, imeshafika kilo 210 kabla ya kuweka kitu chochote.

Tena, namba ya kibao ni ukomo wa mwisho. Watu watano kwenye boti iliyoandikwa watano watakaa wakigusana magoti, mmoja juu ya mpira, na hakuna atakayeweza kusogea upesi mtoto akianguka. Kanuni rahisi kwa wenye watoto wadogo ni kuchukua boti yenye nafasi moja au mbili zaidi ya familia, kisha kutozijaza nafasi hizo. Pia urefu unaoandikwa ni wa nje. Mipira ya pembeni inakula nafasi, hivyo boti ya mita 2.3 kwa nje inabaki na sakafu fupi kuliko kitanda cha mtoto mkubwa. Kwa wazazi wawili na watoto wawili, boti nyingi zinazofaa ziko kati ya mita 2.7 na 3.2.

Chombo cha kuchezea na chombo cha kusafiria

Sokoni vitu viwili hufanana kwa picha, lakini havifanani kazi. Cha kwanza ni boti ya plastiki nyembamba, laini kama mpira wa kuogelea wa watoto, yenye rangi kali na makasia mepesi. Cha pili ni boti ya kitambaa kilichopakwa PVC pande zote mbili, ambacho ukikivuta hakirefuki. Maganda ya boti za kuchezea mara nyingi huwa na onyo kwamba hazimkingi mtu asizame. Onyo hilo lipo kwa lugha nyingi, na muuzaji halisomi kwa sauti.

Kwenye ufuko wa Goma tofauti hiyo haichukui muda kuonekana. Mawe meusi ya ufuko ni lava ya Nyiragongo. Mlipuko wa Januari 2002 uliteremsha moto katikati ya mji hadi ndani ya ziwa. Lava iliyopoa inakata kama chupa iliyovunjika, na plastiki nyembamba ikiburutwa juu yake mara moja tu inaweza kutoboka. Hata PVC nzito inataka kubebwa na watu wawili, bila kuburutwa. Boti ya ukubwa wa familia huwa na uzito wa kati ya kilo 20 na 40, kwa hiyo wazazi wapime nguvu zao pia kabla ya kununua.

Ipo pia boti ya kitambaa cha mpira kinachojulikana kwa jina la Hypalon. Inastahimili jua kuliko PVC na inadumu miaka mingi, ila bei yake ni kubwa zaidi. Ziwa Kivu liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na mstari wa ikweta, na jua la huku halihurumii plastiki. Kwa familia inayotoka majini mara mbili kwa mwezi, PVC nzuri inatosha, mradi baada ya matumizi iwekwe kivulini au ifunikwe.

Vyumba vya upepo: swali la kwanza kwa muuzaji

Boti ya upepo inaelea kwa sababu ya hewa iliyofungwa. Hewa ikitoka, kinachobaki ni kitambaa. Ndiyo maana idadi ya vyumba vya upepo ni muhimu kuliko ukubwa wa boti. Boti yenye chumba kimoja ikitobolewa inalala yote, na watoto wanabaki majini. Yenye vyumba viwili inabaki na upande mmoja. Yenye vitatu, pamoja na sakafu yake iliyofungwa peke yake, inawapa wazazi muda wa kuwashika watoto na kurudi ufukweni.

Kuna kiwango cha kimataifa cha boti za kujaza upepo, ISO 6185. Boti za chumba kimoja hazimo katika kiwango hicho. Namba hiyo ikiwa kwenye kibao au ndani ya kitabu cha maelezo, ni dalili kwamba mtengenezaji alifikiria chombo cha majini, si mchezo.

Boti zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya huwa na herufi pia, kutoka A hadi D. Nyingi za ukubwa wa familia ni D au C. Herufi D ni ya maji yaliyokingwa: upepo usiopita daraja la 4 na mawimbi ya kawaida ya sentimita 30, labda moja moja ya nusu mita. Herufi C inafika upepo wa daraja la 6 na mawimbi ya mita mbili. Mtu aliyeona Ziwa Kivu likichafuka mchana wa mvua anajua kwamba sentimita 30 hupitwa haraka. Boti ya D ni ya ndani ya ghuba, kandokando ya ufuko, kwenye maji yaliyofichwa na rasi za Bukavu au vijighuba vya Idjwi. Kuvuka kutoka Goma kwenda Minova, au kutoka Idjwi kwenda nchi kavu, si kazi yake hata siku ziwa limetulia kama kioo.

Kupima kabla ya kutoa pesa

Boti nyingi zinazouzwa zimeshatumika mahali pengine. Hilo si baya, ila linahitaji subira. Boti ijazwe upepo hadi ikaze, iachwe kivulini usiku kucha, itazamwe asubuhi. Ikilegea kidogo kwa sababu ya baridi ya usiku, si neno. Ikilala, ina tundu.

Kutafuta tundu kunafanywa kama afanyavyo kwado na gurudumu la moto: maji ya sabuni juu ya kila mshono, kila vali na kila mahali pa kubandikia mikono. Povu likipanda, ndipo pana shida. Tundu katikati ya kitambaa linazibika. Mshono unaofunguka ni jambo jingine, hasa kwenye boti ya zamani ambayo gundi yake imekauka, kwa sababu ukiziba huku utafunguka kule. Ubao wa nyuma, ule unaobeba mashine, usukumwe na kuvutwa kwa nguvu. Ukicheza, gundi yake imechoka.

Kiraka cha gurudumu la moto hakishiki kwenye PVC. Boti iuzwe pamoja na vipande vya kitambaa chake na gundi ya PVC, au mnunuzi avitafute kabla ya siku ya kwanza majini. Pampu yenye kipimo cha upepo nayo si anasa. Boti nyingi za mpira mzito zinataka karibu milibari 250, na mkono wa mtu hauwezi kukisia. Iliyolegea inajikunja katikati kwenye wimbi na kuingiza maji. Iliyokazwa kupita kiasi asubuhi ya baridi inaweza kupasua mshono ifikapo saa saba mchana, maana hewa ya ndani hupata joto na kutafuta nafasi.

Milima pia inafanya kazi yake. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya bahari. Boti iliyojazwa barabara Uvira, ikapandishwa ikiwa imejaa hadi Bukavu, itafika imekaza zaidi bila mtu kuigusa, kwa sababu hewa ya nje imepungua uzito njiani. Apandaye mlima na boti apunguze upepo kwanza.

Kwa watu wa Uvira, Baraka au Kalemie kuna neno la ziada. Ziwa Kivu halina mamba wala viboko, lakini Tanganyika inao, hasa kwenye mdomo wa mto Ruzizi. Huko mpira wa upepo na mikono ya watoto inayoning'inia majini havina nafasi kabisa.

Jile kabla ya boti

Kama pesa hazitoshi boti nzuri pamoja na jile nzuri, familia inunue jile kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofika miaka 5. Mtoto anayezama hapigi kelele kama katika filamu. Mdomo wake uko majini, mikono inasukuma maji chini, na mambo yanaisha kimya mbele ya watu wanaozungumza.

Jile ya mtu mzima si jile ya mtoto. Ikimzidi ukubwa, inapanda juu ya kichwa chake na yeye anateleza kutoka chini. Jile ya mtoto ichaguliwe kwa kilo zake, siyo kwa miaka. Iwe na mkanda unaopita katikati ya miguu, na kola kubwa nyuma ya shingo inayomgeuza uso utazame juu. Ndani yake huandikwa nguvu ya kuelea kwa herufi N. Zenye 50 N ni kwa anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Mtoto mdogo apewe 100 N au zaidi. Jaribio lake ni rahisi: mtoto aivae, mikanda ifungwe, kisha mzazi amwinue kwa kushika mabega ya jile. Kidevu kikizama ndani ya jile au masikio yakifunikwa, hiyo si yake.

Bidoni la njano lililofungwa kifuniko linaelea, na watoto wengi wa ziwa wamejifunzia kuogelea juu yake. Mpira wa ndani wa gurudumu la gari unaelea pia. Lakini vyote viwili vinataka mtoto avishike, na mtoto aliyeshtuka huachia. Jile humshika mtoto yeye mwenyewe, hata akizimia.

Mtoto mchanga ambaye shingo yake haijakaza abaki ufukweni. Hakuna boti ndogo inayomfaa, na mama aliyembeba mgongoni kwa kitenge hawezi kumwokoa wala kujiokoa. Mtoto asifungwe kwa kamba kwenye boti, wala kwenye mwili wa mzazi: boti ikipinduka, kamba hiyo inamweka chini ya maji.

Makasia au mashine?

Kwa familia yenye watoto wa chini ya miaka 7 au 8, makasia yana faida ambayo mashine haina: hayakati. Panga la mashine linazunguka chini ya maji mahali ambapo mtoto aliyeanguka huja kutokea. Familia inayotaka mashine isome kibao, isizidishe nguvu iliyoandikwa, na ihakikishe kuna kamba ya kuzimisha inayofungwa kwenye mkono au goti la dereva, ili akianguka mashine ife. Watoto wakae sakafuni, katikati. Mtoto anayekaa juu ya mpira wa mbele ndiye anayeanguka kwanza, na anaanguka mbele ya boti inayokuja.

Hata hivyo makasia yana mpaka wake. Boti ya upepo ni nyepesi na imekaa juu ya maji, hivyo upepo unaisukuma kama jani. Upepo unaotoka nchi kavu ndio unaodanganya kuliko wote: karibu na ufuko maji yanaonekana laini, na kila unaposogea mbele unazidi kusukumwa. Wakati wa kiangazi, upepo wa kusini unaweza kupiga siku nzima. Njia ya kujikinga ni kuanza safari kwa kupiga kasia dhidi ya upepo, ili ukichoka ukurudishe nyumbani. Kwenye boti iwepo kamba ndefu, kopo la kuchotea maji, filimbi, na simu ndani ya mfuko usioingiza maji. Mtu mmoja ufukweni ajue familia imetoka saa ngapi na itarudi saa ngapi.

Kuna hatari moja ya Goma ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha boti. Kando ya ziwa, hasa upande wa magharibi kuelekea Sake, kuna mashimo na mabonde madogo yanayojaa mazuku, gesi nzito ya ukaa inayotoka ardhini na kulala chini, zaidi usiku na alfajiri pasipo na upepo. Haionekani. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupumua juu yake wakati mtoto wa urefu wa mita moja yuko ndani yake. Kwa hiyo mahali pa kujazia boti na kupumzishia watoto pachaguliwe pa juu na penye upepo. Wenyeji waulizwe kwanza, na shimo lenye mizoga ya ndege au panya likimbiwe.

Hesabu ya mlangoni

Baada ya yote hayo kinabaki kitu ambacho hakiuzwi. Siku ya Jumapili shangazi atafika na watoto wake wawili, nao watataka kupanda. Kumwambia mgeni «ngoja zamu ya pili» ni kugumu katika nyumba zetu, ambako mgeni hatengwi na chakula wala kiti. Ndivyo pia inavyokuwa kwa mwenye boti kubwa pale bandarini: kila anayeongezwa ana sababu yake ya kweli, na kila mmoja ni mmoja tu.

Boti ndogo ina faida moja ambayo Merdi haikuwa nayo. Inaweza kurudi ufukweni baada ya dakika ishirini na kuwachukua waliobaki. Mtoto aliyezoea kuona baba yake akihesabu vichwa, akisoma kibao na kukataa kusukuma boti mpaka jile ya mwisho ifungwe, atakuwa abiria wa namna nyingine siku atakaposimama mwenyewe Kituku na tiketi mkononi, mbele ya boti iliyokwisha kujaa.